Mbuni Usioshikwa na Kutu

Shangazi,

Nimeandika shikamoo nikaifuta, maana marahaba itatoka wapi. Halafu nikasema hapana, mtu hafi akapoteza na shikamoo zake. Kwa hiyo shikamoo. Itikia huko uliko, mimi naendelea.

Ni mimi Naki. Najua unajua. Lakini wewe mwenyewe kila ukinipigia simu ulianza, "Ni mimi shangazi yako wa Mamba," kama vile nina mashangazi kumi na namba yako sijaihifadhi. Basi nakurudishia: ni mimi Naki, mtoto wa kaka yako, uliyenichukua nikiwa darasa la pili baada ya mama kufariki, ukanilea kwa makande na maneno makali mpaka nikawa mtunza maabara wa sekondari moja hapa Same mjini. Shule imefunga likizo fupi. Niko peke yangu na feni linalozunguka kwa kujisikia, na joto la huku unalijua, lile ulilosema linafaa kukaushia mahindi na si kukalisha watu.

Nyumbani huko Mamba hawajambo. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Paa la jiko Baba Mdogo amelitia mabati mapya, baada ya miaka minne ya kusema "wiki ijayo." Kaburi limesakafiwa, na Mama Naomi jirani yako amepanda maua pembeni bila kumwomba mtu ruhusa, kama kawaida yake. Kwaya wanakulilia. Sauti ya pili imebaki na mtu mmoja tu, anaimba kama anaita mbuzi.

Sasa habari yenyewe. Mkaidi ameshikwa na kutu.

Nimeiandika haraka ili itoke. Mkaidi, mbuni wako ule wa ngazi ya juu ya shamba, karibu na mfereji unaoleta maji ya ndiva, bwawa letu la kijiji. Mwaka ule ambao mibuni ya kijiji kizima ilipukutika majani kwa ule ugonjwa wa kutu ikabaki fito, wenyewe ulisimama kijani peke yake, ndipo ukaupa jina. Mchungaji akakutania kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, ukamjibu palepale kwamba sisi ni Walutheri, wetu atafaidi hata Kwaresima. Na kila aliyekuja kuutazama ulimwambia maneno yaleyale: "Huyu hashikwi na kutu. Damu yake nyingine."

Neno hilo lilibeba mzigo, Shangazi. Baba Mdogo, mdogo wako wa mwisho, alishapanda tangawizi kila mahali pengine na alitaka kung'oa kahawa yote ya baba yenu. Ukamwambia asubiri, mbegu za Mkaidi zitalifufua shamba lote. Akasubiri. Na kile kikundi chenu cha kaya kumi na tisa kilikubali kurudi kwenye kahawa kwa sababu hiyohiyo. Ukawaoteshea miche mia tatu kwenye viriba nyuma ya jiko, igawiwe masika yakianza. Ulipofariki kwenye mvua za vuli, miche ilikuwa na jozi nne za majani. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikasimama siku ya kumaliza matanga nikatangaza kwamba ahadi ya marehemu iko palepale: miche isiyoshikwa na kutu itagawiwa, na mimi ndiye nitakayeigawa. Watu wakapiga makofi. Nikajisikia mtu mzima.

Nikawa napanda huko kila Jumamosi kwa bodaboda. Mwanzoni mwa Januari, mvua imekatika siku chache, napita chini ya Mkaidi, nikaona kwenye jani moja la chini doa la manjano hafifu, kama tone la mafuta kwenye karatasi. Nikalikunja jani kwanza nisilione. Kisha nikaligeuza, maana ulinifundisha kwamba kutu haijionyeshi juu. Kule chini ya jani kulikuwa na unga wa rangi ya chungwa, ukanibaki kwenye dole gumba.

Nikaangalia jani la pili. Na la tatu. Weee! Nilikaa chini kwenye majani makavu na suruali yangu ya kazini.

Ulinieleza habari za unga ule nikiwa mdogo kuliko ule mfuko wa mbolea uliokuwa unanikalisha juu yake. Kwamba wataalamu wanauita spora, na kila punje ni mbegu. Inaruka na upepo, au inabebwa na tone la mvua, au inajishika kwenye nguo ya mtu. Ikitua chini ya jani bila maji, haina lolote. Ikipata maji usiku mmoja, inachipua kijiuzi, kinatafuta tundu ambalo jani linapumulia, kinaingia. Halafu kimya. Wiki tatu, nne, hata tano, jani liko kijani linakuchekea, kumbe ndani linaliwa. Ndipo doa, ndipo unga, na unga huo ni mbegu mpya maelfu kwa maelfu zinazotafuta jani lingine. "Ukiona unga," ulikuwa ukisema, "umeshachelewa." Siku daktari wa hospitali alipotuita kutuonyesha picha ya tumbo lako, alisema karibu maneno hayohayo, nawe ukanitazama ukatabasamu kidogo. Sikutaka kukutazama.

Basi nikahesabu siku kwa kurudi nyuma. Wiki tano na kitu. Nikaangukia siku ya mazishi yako.

Nikaikumbuka vizuri. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kaburi lilichimbwa ngazi ya juu ulikotaka mwenyewe, na watu wote wakapita katikati ya mibuni, makoti yamelowa, vitenge vimelowa, wanasugua majani kushoto na kulia. Na mbele ya jeneza, Baba Mdogo na lile koti lake refu la mvua, ametoka moja kwa moja kwenye kile kipande chake cha bondeni alichokitelekeza, ambako mibuni imejaa kutu mpaka ukitikisa tawi unapiga chafya. Wewe usingemruhusu mtu apite namna ile. Ulikuwa unawavua watu makoti getini kama polisi. Siku yako wewe, hakukuwa na wa kuwavua.

Unajua nilivyo nikishajua jambo. Nilishuka mpaka kwake, nikamkuta na wazee wawili wanakula, sikungoja hata wanawe mikono. Nikamwambia koti lake limeua mti wa marehemu. Nikasema alikuwa akiutaka ufe siku zote ili apande tangawizi yake. Wazee wakaacha kutafuna. Na sisi Wapare unatujua, kesi ya kuku tunaweza kuifikisha Mahakama ya Rufaa, nikajua sasa hapa kitanuka. Baba Mdogo akanitazama, akatazama koti lake lililoning'inia kwenye msumari, akasema, "Haya." Basi. Haya, akaendelea na ugali wake. Nilipanda mlima nikijiona nimeshinda.

Sasa, Shangazi, sogea karibu. Nataka tuongee vizuri, mimi na wewe.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni kwako natafuta upawa wa makande. Juu ya uchaga, nyuma ya chungu, nikakuta kopo la rangi lenye mfuniko na mshikio wa waya. Zito kidogo. Nikalifungua kwa kisu. Ndani kulikuwa na majani ya mbuni yaliyokauka, na chini kabisa tabaka gumu, rangi ya chungwa iliyofifia, limegandamana kama ukoko wa ugali. Tabaka la misimu mingi. Hilo haliwi kwa wiki tano.

Nikamwita Mama Naomi nikamuuliza hili ni nini. Akacheka, akasema kwani sijui? Hilo ni kopo la dawa yako ya presha. Kila siku alfajiri, kabla hata moshi haujatoka jikoni, unazunguka Mkaidi unachuma majani, unatia kwenye kopo, unafunika, unarudi. Miaka na miaka. Na wao walipoona presha yako haipandi, wakaiga. Shangazi, wanawake wa upande ule wote wanachemsha majani ya mbuni na kunywa asubuhi! Mama Naomi akasema ni machungu lakini yanasaidia sana. Nilishindwa nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili.

Nikaenda kwa Mkaidi tena, safari hii nikamkagua kama mtu anayetafuta chawa. Kila tawi linalofikiwa na mkono wako lilikuwa na pingili zisizo na jani, makovu madogomadogo, mengine ya zamani yamefunga, mengine bado mapya. Hukupogoa, ulichuma. Jani moja moja, lile lenye doa hafifu, mara nyingi kabla halijatoa unga. Uliliweka kwenye kopo, ukafunika upepo usiguse, ukaenda kulichoma mekoni. Ila matawi ya chini, yale ya kimo cha goti, hayakuwa na makovu mapya. Huko majani yalikuwa yote. Na baadhi ya madoa yalikuwa na kitovu cha kahawia kilichokauka, unga umeshaisha. Madoa ya zamani kuliko mazishi yako. Yalikuwepo watu walipopita na makoti. Yalikuwepo wewe ungali hai.

Kwa hiyo Mkaidi hana damu nyingine. Hajawahi kuwa nayo. Alishikwa na kutu kila mwaka kama wenzake, na wewe ulikuwa unamfutia makosa alfajiri kabla kijiji hakijaamka.

Nilikukasirikia. Siwezi kukuficha, na kwa nini nikufiche, umeshakufa. Nilikaa pale nikakusema kwa sauti. Nilikwambia umezidanganya kaya kumi na tisa, umemdanganya mdogo wako, na mimi umenifanya nitangaze uongo wako mbele ya mchungaji na balozi wa nyumba kumi, huku nimevaa nguo nyeusi. Wewe uliyenichapa kwa kudanganya kwamba nimeosha miguu! Nilisema mengi. Ndama aliniangalia tu.

Halafu nikaikumbuka ile simu.

Ilikuwa mwezi wa tisa. "Ni mimi shangazi yako wa Mamba," ukaanza. Ukauliza habari za kazi, ukauliza kama bado nakula chipsi. Mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukasema, "Naki, mgongo umekataa. Njoo Jumamosi uniinamie kidogo." Nikakuuliza kuinama kufanya nini, ukasema tu, vitu vya shambani. Nikadhani kuni. Nikadhani kupalilia maharage. Nikakwambia wanafunzi wana mitihani, maabara haiachiki, nikakutumia dawa ya kuchua kwa kijana wa bodaboda na salamu nyingi. Ukanishukuru. Wiki iliyofuata ukaniomba tena, nikakuuliza kama ile dawa umeitumia. Hukuomba mara ya tatu.

Ulikuwa unaniomba matawi ya chini. Ungeniambia. Mbona hukuniambia tu, Shangazi? Lakini ungeniambia, ningejua, na ulikuwa hutaki mtu ajue. Na mimi ningekuja bila kuambiwa, kama ningekuwa na akili. Tugawane, nusu kwako, nusu kwangu.

Nilikuja na unga kidogo hapa maabara, ule mbichi wa kwenye majani. Nikauweka chini ya hadubini. Nakumbuka ulivyoniambia kuhusu zile punje, ulizoonyeshwa ujana wako ulipokuwa kibarua kwenye kitalu cha kahawa huko Moshi: "Zina mgongo wa fenesi na tumbo la yai." Nilidhani unanitungia hadithi nilale. Shangazi, ni kweli. Zimejikunja kama figo, mgongoni zina vijimiba, tumboni laini kabisa. Nilipiga kelele peke yangu. Nikaziwekea tone la maji nione kama zitaota, hazikuota, joto la Same limezishinda. Nikazihamishia chini ya sinki, gizani, nikafunika kwa kitambaa kibichi. Asubuhi zikawa zimetoa vijiuzi vyembamba, vinatambaa kutafuta mlango. Nikaelewa kwa nini uliamka alfajiri. Ulikuwa unayawahi madoa kabla hayajawa unga.

Sasa jambo lenyewe lililonikosesha raha. Masika yanakaribia, miche mia tatu inangoja, watu wameshachimba mashimo. Nikinyamaza, watapanda, watakunja mikono, maana walishaambiwa huu mti haushikwi. Baada ya misimu miwili majani yatapukutika, watang'oa, na safari hii hawatarudi kwenye kahawa tena mpaka Yesu arudi. Nikisema, Baba Mdogo ana haki ya kuchukua jembe siku hiyohiyo, na jina lako, jina la mwanamke aliyekuwa haongopi, linakwenda sokoni na tangawizi. Wiki mbili nilizunguka na hilo. Nilijaribu hata kujidanganya kwamba labda Mkaidi alikuwa na damu nyingine zamani, ikapungua.

Mwishowe niliwaita kwako, siku ya kugawa miche. Walikuja wote na matoroli na vikapu. Baba Mdogo alikuja pia, akakaa pembeni kwenye kinu kilichopinduliwa, na jembe. Nililiona jembe.

Nikasimama. Nikaweka kopo juu ya meza, nikalifungua, nikawaambia wapite mmoja mmoja watazame. Nikawaeleza kila kitu, kama ninavyokueleza wewe hapa. Kwamba Mkaidi ni mbuni kama mibuni yao. Kwamba si dawa ya presha, na Mama Naomi aache kuwanywesha watu. Kwamba Shangazi alisema uongo, na mimi nikaurudia nikidhani ni kweli. Kisha nikamgeukia Baba Mdogo, nikapiga goti mbele ya watu wote, nikamwomba radhi kwa lile koti.

Watu wakamtazama yeye na jembe lake.

Baba Mdogo akasema, "Nilikuwa najua."

Wote tukamgeukia. Akasema kila alfajiri anapokwenda kwenye tangawizi yake anapita njia ya juu ya mfereji, na kila alfajiri, miaka yote hiyo, alikuona. Umejifunga kitenge kichwani, kopo mkononi, unageuza majani. Mara ya kwanza alitaka kukuita akucheke. Akakaa akakutazama. "Nikasema, mtu anayeamka kila siku kwa ajili ya mti," akasema, "huo mti nitaung'oaje?" Hakusubiri mbegu za damu nyingine, Shangazi. Hakuwahi kuziamini hata siku moja. Alikuwa anakusubiri wewe. Na siku nilipomvamia na habari za koti lake, alisema haya kwa sababu asingeweza kujitetea bila kukutoboa.

Nililia kama mtoto. Na wewe ulijua kwamba anajua? Maana ninyi wawili mlikuwa hamuongei zaidi ya salamu na mvua.

Basi watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alikasirika kweli, akageuza toroli lake akaondoka, sikumlaumu. Mama Naomi akalalamika kwamba sasa presha yake itapanda kwa habari hii. Katibu wa kikundi, yule kijana mwembamba, akasema kuna miche ya utafiti inayohimili kutu kweli, tuombe tuchanganye, nusu ile, nusu ya Mkaidi, kwa sababu kahawa ya Mkaidi ni tamu na hilo hakuna aliyelidanganya. Mwingine akauliza swali ambalo wewe hukuwahi kulijibu: mtu mmoja ataweza mti mmoja, shamba zima nani atalichuma? Hapo ndipo Baba Mdogo alipochukua jembe lake, nikashika roho, akaligeuza akaliegemea na kusema, "Msaragambo upo kwa ajili gani?"

Ndiyo, Shangazi. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kama ule wa kuzibua mfereji au kuzibua ndiva. Kila Jumamosi asubuhi kaya zote zinakusanyika, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tumeipogoa mibuni yote ya zamani ili jua na upepo viingie, majani yakauke mapema. Tumepiga dawa ya shaba kabla ya mvua kubwa. Kile kipande cha bondeni cha Baba Mdogo tumekikata mpaka visiki, amekubali mwenyewe, vichipue upya. Na tunachuma. Kila mtu ana kopo lenye mfuniko. Makoti yanavuliwa getini na ninayasimamia mimi, wananiita polisi. Ungeona watoto wa sekondari wanavyogeuza majani, wanaliona doa hafifu kabla yangu. Ile miche ilichukuliwa yote, hata yule aliyeondoka na toroli alirudi jioni akasema amekuja tu kuona kama imebaki.

Jina lako halijaenda sokoni. Linatajwa, lakini si vile nilivyoogopa. Mtu akichelewa kufika msaragambo wanamwambia, "Marehemu angekuwa ameshamaliza matawi ya juu."

Kutu haijaisha, nisikudanganye, tumeshadanganyana vya kutosha. Haitaisha. Mkaidi amepoteza majani mengi ya chini, lakini juu ni kijani na ametoa maua kidogo baada ya mvua ya kwanza. Ataishi. Tena ninasema hivyo kwa macho yangu na si kwa damu yake.

Kuna jambo moja sijaliweza. Lile la nyumba ndogo. Uliambiwa huko Moshi kwamba mara chache sana kutu ya kahawa hutoa mbegu za aina nyingine, tofauti na huu unga, na kila walipozitia kwenye mbuni hazikushika. Kwamba kutu ya ngano ina mmea wake wa pili unaojulikana, lakini hii yetu, mmea wake wa pili hakuna aliyeuona duniani, kama kweli upo. Ukasema basi kutu ina nyumba ndogo, na wewe utaijua tu. Ukawa unatoka kanisani unageuza kila jani njiani, na Biblia kwapani, watu wakidhani unatafuta mboga. Nami nimeanza. Jumapili iliyopita nimegeuza majani mpaka nimechelewa chakula. Sijaona kitu. Kama huko uliko kuna wa kuulizwa, muulize, halafu kaa nalo mpaka nije, usimwambie mtu.

Feni limesimama kabisa, na nina gari la kuwahi. Nimezungumza na mkuu wa shule: Ijumaa natoka saa tisa, nalala kwako, naamkia shambani. Siku nyingine anachuma Baba Mdogo. Anachuma vibaya, anararua, lakini anaamka. Kopo lako amelining'iniza kwenye msumari uleule wa koti lake.

Kesho ni zamu ya shamba letu. Nitaanza na Mkaidi kabla umande haujakauka, na nitaanza na matawi ya chini, yale ya kimo cha goti. Nakuahidi hilo kwa kila Jumamosi ambayo mgongo wangu utakuwa mzima, na ukikataa, nitamwambia mtu kwa nini namwita. Lala, Shangazi. Nimechelewa, lakini nakuja kukuinamia.

Wako,
Naki